Bill Lear: jamaa aliyeacha shule akatia muziki kwenye gari

Leo siasa naiweka pembeni. Naomba niongelee redio ya gari, au tuseme niongelee mzee mmoja aliyefariki mwaka 1978 ambaye mkono wake bado upo humo ndani ya dashibodi ingawa wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Imeanzaje? Nilipomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo (na hata baada ya matokeo, tusidanganyane), nilikuwa nashika tochi kwa fundi mmoja wa redio za magari pale Gerezani. Kazi yangu ilikuwa kumenya waya, kumulika chini ya dashibodi na kukimbilia solotepu dukani. Wateja walikuwa wale wale. Corolla, Mark II, mara daladala, na wote wanataka sabufa ipige mpaka namba ya gari icheze nyuma.

Tatizo lililotutoa jasho kuliko yote lilikuwa mluzi. Unamfungia mtu redio mpya, unapiga muziki gari likiwa limezimwa, safi kabisa. Anawasha injini, spika zinaanza wiiii... akikanyaga mafuta na mluzi nao unapanda. Mteja anakuangalia kama umemwibia. Fundi wangu alikuwa na dawa zake: anahamisha ethi, anatenganisha waya wa umeme na waya wa sauti, anafunga kile kikopo cha kuchuja umeme. Mimi nilidhani huo ni ugonjwa wa magari yaliyochoka kutoka Japani. Kumbe ugomvi huu una karibu miaka 100, na wa kwanza kuumiza nao kichwa ndio hawa ninaotaka kuwasimulia.

Sasa siku moja niko kafe nimebakiza dakika kama 20, nikakutana na picha za Ford Mustang ya mwaka 1966, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Gari bomba, jekundu. Mwenyewe yuko Marekani anabadilisha mfumo wa muziki. Spika mpya zinazohimili maji maana gari halina paa, ampli imefichwa chini ya kiti, redio mpya ya Bluetooth yenye sura ya kizamani. Na pale sakafuni kuna dude walilolitoa kwenye dashibodi, lina mdomo mpana kama wa kumeza kitabu kidogo. Picha inayofuata, dude liko pembeni ya pipa la taka.

Nikajiuliza, hili lilikuwa la nini, na nani alilibuni? Dakika 20 zikaisha, nikaongeza saa nzima.

Jina lake kamili ni William Powell Lear, wao walimwita Bill. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1902 katika mji wa Hannibal, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, na mama akamchukua wakaishia Chicago. Maisha ya nyumbani hayakuwa matamu. Shule ya msingi alimaliza, sekondari hakuimaliza. Akaingia jeshi la majini akiwa bado kijana mdogo, na huko ndiko alikofundishwa redio. Kumbukeni redio wakati ule ilikuwa kitu kipya kama intaneti ilivyokuwa kwetu miaka ya tisini mwishoni. Mwenye kuijua alikuwa mfalme wa mtaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Quincy, Illinois, mji mwingine wa kando ya mto ule ule, akitengeneza na kuuza redio. Pale akajuana na kijana mdogo zaidi yake, Elmer Wavering, naye mgonjwa wa redio. Kuna hadithi maarufu inayosema usiku mmoja mwaka 1929 vijana hawa wawili waliwapeleka wapenzi wao juu ya kilima kuangalia jua likizama mtoni, na mmoja wa wale mabinti akasema kungekuwa na muziki garini ingekuwa raha zaidi. Stori tamu kweli. Mimi naiweka kwenye fungu la stori tamu. Kuna watu walishatia redio kwenye magari kabla ya hapo, ila zilikuwa ghali na kero, kwa hiyo wazo lenyewe halikuhitaji binti wala kilima.

Kilichohitajika ni fundi wa vitu vidogo, na hapo ndipo Lear alipong'ara. Redio ya zamani ilikuwa na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye kigunzi ili kudaka stesheni. Zilikuwa kubwa, redio nzima inakuwa kama kabati. Lear aliyekuwa Chicago wakati huo alitumia waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya mmoja mnene, na koili ikawa ndogo kabisa huku kazi inafanya ile ile. Akaanza kuziuzia kampuni zinazotengeneza redio.

Mteja wake mmoja alikuwa Paul Galvin. Huyu alifungua kiwanda kidogo Chicago mwaka 1928, kilichokuwa kinatengeneza kifaa cha kuziwezesha redio za betri kutumia umeme wa nyumbani. Mwaka uliofuata soko la hisa la Marekani likaanguka, pesa zikakauka nchi nzima, na bidhaa ya Galvin ilikuwa inapitwa na wakati kwa sababu redio mpya zilikuja tayari na waya wa kuchomeka ukutani. Jamaa alikuwa anazama. Wazo la redio ya gari likaja kama boya kwa mtu aliyeko baharini. Galvin, Lear, Wavering na wenzao wakaingia kazini.

Hebu fikirieni walichokuwa nacho. Redio ya wakati ule ilitumia taa za kioo zinazotaka umeme mkubwa kuliko betri ya gari, kwa hiyo inabidi ubebe boksi la betri kavu chini ya sakafu. Spika inakaa peke yake. Antena nayo kubwa, kwa magari yenye paa la kitambaa walitumia wavu kama wa banda la kuku uliojificha ndani ya paa, na kwa gari la wazi ambalo paa linakunjwa, antena ilibidi ining'inie chini ya gari, inapigwa na matope na mawe. Halafu barabara zenyewe zinatikisa kila kitu.

Na mluzi sasa! Kila plagi ya injini inapochoma inatoa cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kinachotangaza kelele. Injini ya silinda nne au sita inatangaza kelele mfululizo. Walilazimika kufunga vizuizi kwenye plagi, kichujio kwenye dainamo, na kuvisha chuma kila waya uliokuwa unalia. Nilipofika hapo nikamkumbuka fundi wangu wa Gerezani na kikopo chake. Dawa ni ile ile! Na cha kuchekesha zaidi, Wavering huyu huyu baadaye akawa mmoja wa wakuu wa kampuni walioleta alternata kwenye magari mengi ya Marekani, yaani kile kile kinacholeta mluzi wa siku hizi.

Mwezi Juni 1930 watengenezaji wa redio walikuwa na mkutano wao Atlantic City. Galvin hakuwa na pesa ya kukodi meza ya maonyesho. Wakafunga redio yao kwenye Studebaker lake, akaendesha na mkewe kutoka Chicago, zaidi ya kilometa 1,200, akaegesha karibu na ukumbi na kufungulia sauti mpaka mwisho. Kama wauza CD wa Kariakoo tu. Waliopita wakasimama, oda zikapatikana. Redio hiyo ikaitwa Motorola, na kampuni baadaye ikachukua jina hilo. Ndiyo, ile ile ya simu. Ilikuwa ikiuzwa kama dola 110 kwenda juu, wakati Ford ya kawaida mpya ilikuwa karibu dola 500. Hebu piga hesabu, redio peke yake robo ya bei ya gari! Inasimuliwa pia kwamba Galvin alimfungia redio mwenye benki aliyekuwa anataka kumkopa, na gari likashika moto njiani. Mkopo hakupata.

Hapa niseme kitu. Ukisoma habari za Motorola utaambiwa redio ya gari ni ya Galvin. Ukisoma habari za Lear utaambiwa ni ya Lear. Wavering naye ana watu wake. Mimi naona Galvin alikuwa na kiwanda na moyo wa kuuza, Lear alikuwa na vidole. Bila mmoja wao lile Studebaker lingekuwa kimya pale Atlantic City. Lakini nimeona sehemu nyingi Lear anapewa sifa zote za redio ya gari, na hiyo si haki kwa wenzake.

Tena yeye mwenyewe hakukaa. Mwaka 1931 akanunua ndege ndogo, akapata shida ya kujua yuko wapi angani, na kuanzia hapo akili yake yote ikaenda kwenye vifaa vya kumwongoza rubani kwa mawimbi ya redio. Mara kadhaa alikuwa karibu kufilisika, mwaka 1934 aliokolewa na muundo wa redio aliouza kwa kampuni kubwa ya RCA. Baada ya vita ya pili alitengeneza mtambo wa kuiendesha ndege ya jeti yenyewe bila mkono wa rubani, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Collier ya mwaka 1949, ambayo ni kubwa kabisa kwa watu wa anga Marekani. Alikabidhiwa na rais Truman. Mtu asiye na cheti cha sekondari.

Nyumbani alikuwa si mtu rahisi. Alioa mara nne, wa mwisho ni Moya, binti wa mchekeshaji maarufu Ole Olsen, waliooana mwaka 1942 na kukaa pamoja mpaka mwisho ingawa mzee hakuwa mwaminifu kivile. Wafanyakazi wake wengi waliona alikuwa mkali na anataka kila kitu jana. Utani nao alikuwa nao: binti yake mmoja alimpa jina ambalo ukiliunganisha na Lear linasikika kama neno la Kiingereza la zile taa kubwa za kuning'inia kwenye kumbi. Maskini binti wa watu!

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na umri ambao wengine wanafikiria pensheni, aliuza hisa zake kwenye kampuni yake ya vifaa vya ndege kwa sababu wakurugenzi wenzake walikataa kutengeneza ndege ndogo ya jeti ya watu binafsi. Waliona hakuna wa kuinunua. Akatumia pesa zake, akaenda Wichita, Kansas, na tarehe 7 Oktoba 1963 Learjet ikaruka mara ya kwanza. Ndiyo ile ndege ya matajiri na wanamuziki, Frank Sinatra alikuwa nayo. Ya ndege nayapitia haraka kwa makusudi, yameandikwa sana. Mimi nataka turudi kwenye lile dude la karibu na pipa la taka.

Wakati huo kule California kulikuwa na jamaa anaitwa Earl Muntz. Huyu naye ni stori nzima. Alianza kwa kuuza magari yaliyotumika, akijitangaza kwamba ana wazimu kwa bei anazouza. Akauza televisheni za bei poa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatengeneza gari lake mwenyewe, Muntz Jet, gari la wazi la kifahari ambalo kila alipouza moja alipata hasara. Halafu mwaka 1962 akaleta mashine ya kanda kwa ajili ya gari. Alichukua katriji za utepe usio na mwisho zilizokuwa zinatumika kwenye vituo vya redio, akaziweka njia nne za sauti, na watu wa Hollywood wakazifunga kwenye magari yao ya wazi. Kwa mara ya kwanza ukaweza kuchagua mwenyewe muziki wa kusikiliza barabarani bila kusubiri mtangazaji. (Walishajaribu kuweka sahani za santuri kwenye magari miaka ya 1950. Fikiria sindano ya santuri na tuta.)

Lear akazipenda, akawa hata msambazaji wa bidhaa za Muntz, akafunga moja kwenye ndege yake. Halafu akafanya kile ambacho sisi wa mtaani tungekiita kuchakachua. Alizifungua, akaona kasoro, akampa kazi fundi wake Richard Kraus na wenzake pale kiwandani Wichita. Kufikia mwaka 1964 walikuwa na kitu chao, kikaitwa Stereo 8.

Naomba mnisikilize hapa maana ndipo penye utamu. Utepe wenyewe una upana wa milimita 6 na kidogo, na umeunganishwa ncha kwa ncha ukawa duara. Unavutwa kutoka katikati ya gurudumu, unapita mbele ya hedi, unarudi kujizungusha kwa nje. Haufiki mwisho kamwe. Muntz aligawa utepe kwa urefu njia nne, maana yake sehemu mbili za muziki wa stereo, na dereva anabadilisha mwenyewe. Lear akaugawa njia nane, sehemu nne. Muziki mwingi zaidi kwenye utepe ule ule, ila kila njia inakuwa nyembamba zaidi na ubora wa sauti unapungua kidogo. Mahali ncha zilipounganishwa kuna kipande cha karatasi ya chuma. Kikipita, sumaku ya umeme inashtuka, inasukuma hedi hatua moja, ko! Unaingia sehemu inayofuata bila kugusa kitu.

Jambo la pili ni kirola cha mpira kinachoubana utepe ili uvutwe. Kwa Muntz kirola kilikuwa kwenye mashine, na inabidi uvute kiwashio kiingie kwenye tundu la katriji. Lear akakihamishia ndani ya katriji yenyewe. Kwa hiyo dereva anachofanya ni kuisukuma tu mdomoni mwa mashine. Mkono mmoja kwenye usukani, macho barabarani, muziki unaanza. Hakuwa wa kwanza kufikiria kanda ndani ya gari, na sauti yake ilizidiwa na ya aliyemtangulia, lakini alielewa kwamba mtu anayeendesha ana mkono mmoja tu wa kukupa.

Ford wakakubali. Kuanzia Septemba 1965, kwa magari ya mwaka 1966, ungeweza kuagiza Mustang, Thunderbird au Lincoln ikiwa na mashine hiyo tayari kutoka kiwandani. RCA wakatoa albamu 175 kwenye katriji mpya kwa mpigo. Na nani alizitengenezea Ford zile mashine? Motorola! Kiwanda kile kile alichokianza nacho miaka 35 kabla. Mwaka uliofuata kampuni nyingine za magari zikafuata. Muntz akabaki anaangalia, njia nne zake zikafa taratibu kabla ya mwaka 1970.

Kwa Mustang ya wazi hili lilikuwa jambo kubwa. Gari lililokuja na redio ya kawaida lilikuwa na spika moja tu katikati ya dashibodi, inaelekea kwenye kioo cha mbele. Ukifunua paa, upepo unabeba sauti yote kabla haijafika kwenye masikio. Mashine ya Lear ilikuja na spika kwenye milango, kushoto na kulia, na hapo angalau kuna mapambano. Ukweli ni kwamba fundi wa leo anayelirekebisha gari kama hilo bado anapigana na adui yule yule. Anaweka spika karibu na miguu ya dereva zikimwelekea juu, anaongeza ampli, maana sauti inayotosha sebuleni haitoshi kwenye kilometa 80 kwa saa bila paa.

Kasoro? Zilikuwepo, tena nyingi. Albamu ilibidi igawanywe vipande vinne vinavyolingana, na nyimbo hazikuandikwa kwa rula. Kwa hiyo wimbo unakatwa katikati, sauti inafifia, ko!, unaendelea upande wa pili. Kurudisha nyuma haiwezekani kabisa, ukipitwa subiri mzunguko. Hedi ikihama kidogo unasikia wimbo wa jirani kwa mbali chini ya wimbo wako kama chumba cha kupanga chenye ukuta wa mbao. Dawa ya Wamarekani ilikuwa kuchomeka kadi ya viberiti iliyokunjwa chini ya katriji ili iinuke. Mimi nilicheka sana kusoma hilo. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye kaseti tulikuwa na kalamu ya Bic ya kuzungushia utepe uliotafunwa. Kila mtu na mganga wake.

Gari la wazi lilizimaliza haraka zaidi. Ukiliegesha juani paa likiwa chini, dashibodi inachemka, kile kirola cha mpira ndani ya katriji kinalainika na baada ya miaka kinageuka kama lami. Kibandiko cha ule muungano kinaachia, utepe unajikunja ndani ya mashine. Werevu wa Lear wa kuweka kirola ndani ya katriji ndio uliokuja kuziua, kwa sababu kila kanda ilibeba ugonjwa wake.

Kaseti ya Philips ilikuwepo tangu 1963, ndogo, inarudi nyuma, inarekodi. Mwanzoni sauti yake ilikuwa hafifu, ilipoboreshwa miaka ya 1970 njia nane haikuwa na pa kukimbilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katriji zilikuwa zinatoweka madukani. Huku kwetu kaseti ndiyo iliyotawala magari, na vijana wengi wa rika langu tukiambiwa kulikuwa na kitu kingine katikati hatuelewi kinaongelewa nini.

Lear mwenyewe alishaondoka kwenye muziki siku nyingi. Mwaka 1967 alibanwa na pesa akaiuza kampuni ya Learjet kwa Gates, akahamia karibu na Reno, Nevada, akaingia kwenye wazimu mpya: magari na mabasi ya kuendeshwa kwa mvuke ili kupunguza moshi mijini. Alitupa mamilioni ya dola huko. Basi moja lilitembea barabara za San Francisco mwaka 1972, na mradi ukaishia hapo. Alikuwa na hataza zaidi ya 100 kwa jina lake, na ukiangalia orodha ya biashara zake utaona mtu anayekimbia kila jambo linapoanza kuwa la kawaida. Baadhi ya watu wanalisifia hilo. Mimi nafikiria wafanyakazi aliowaacha nyuma kila mara.

Alifariki Reno tarehe 14 Mei 1978 kwa saratani ya damu, akiwa anashughulikia ndege nyingine, Lear Fan, yenye propela moja mkiani na mwili usio wa bati. Mkewe Moya akaubeba mradi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka pesa kwa ajili ya kiwanda cha Ireland ya Kaskazini kwa sharti kwamba ndege iruke kabla mwaka 1980 haujaisha. Siku ya mwisho ikapata hitilafu, ikaruka tarehe 1 Januari 1981, na waheshimiwa wakakubali kuandika kwamba imeruka tarehe 32 Desemba 1980. Sitanii, ndivyo ilivyoandikwa! Kampuni ikafungwa mwaka 1985. Learjet zenyewe ziliendelea kutengenezwa na kampuni nyingine mpaka mwaka 2022.

Sasa kitu kinachonigusa binafsi. Stori ya Lear inapendwa sana na wale wanaotuambia sisi tuliofeli kwamba shule si kitu, angalia fulani aliacha shule akawa bilionea. Mimi nimeshakaa chini ya dashibodi na tochi mdomoni, najua siyo hivyo. Huyu bwana alifundishwa redio na jeshi kwa gharama ya serikali. Aliishi Chicago, kwenye viwanda vya redio kila kona, na waliomzunguka kina Galvin, Wavering na Kraus walijua kazi zao. Alisoma vitabu vya ufundi maisha yake yote. Pale Gerezani kuna kijana mmoja anazungusha transfoma kwa mkono mpaka unashangaa, hana wa kumuuzia zaidi ya mwenye redio mbovu aliyesimama mbele yake. Nikisema vidole vyake ni kama vya Lear sidhani natia chumvi. Kitu ambacho hana ni Galvin.

Turudi kwenye ile Mustang. Mafundi wa kule wamegawanyika. Kuna wanaotoa mashine ya zamani na kuweka redio mpya moja kwa moja, wengine mpaka wanakata dashibodi ili iingie, na hapo thamani ya gari inashuka hapo hapo kwa sababu dashibodi nzima ya mwaka 1966 ni ngumu kupata. Wengine wanaacha sura ya nje kama ilivyo, vitufe vyake na mdomo wake mpana, ila ndani wanatoa matumbo na kuweka umeme wa kisasa unaopokea muziki kutoka kwenye simu. Na kuna wachache wakorofi wanaobadilisha kirola na mkanda wa mashine, wanabandika upya karatasi ya ule muungano, na kuifanya ipige kanda za zamani kama siku ya kwanza. Katriji za mitumba bado zinauzwa mtandaoni.

Mimi ningekuwa na gari lile (nacheka mwenyewe, hata baiskeli sina) ningeficha ampli chini ya kiti, spika mpya ningeziweka kwenye matundu yale yale ya milangoni, na mashine ya Lear ningeirudisha mahali pake na kuihudumia ipige. Simu ipate waya wake ndani ya kisanduku cha glavu, hakuna atakayeiona. Mluzi ukija, namjua wa kumpigia.

Nyie mngefanyaje? Na wazee wetu mnaopita humu, hasa mliokuwa na magari Dar, Mombasa au Nairobi miaka ya sabini, kuna yeyote aliyewahi kuiona mashine ya njia nane ikipiga kwa macho yake? Andikeni hapo chini, mimi kesho nikipata hela ya kafe nitasoma yote.